Mzazi Hahamishwi

Endabash, 4 Machi 2024

Mama yangu Antonia,

Shikamoo. Kama barua hii inanuka dawa, usishtuke. Imesafiri ndani ya boksi la chanjo, maana Sairowua, dereva wa gari la chanjo, anasema hapo tu ndipo haitapeperuka. Sisi huku wazima. Noel ameota magego na anang'ata kila kitu. Juzi alimng'ata mbuzi sikio, mbuzi akapiga kelele mpaka majirani wakatoka na fimbo. Tumbo langu limekuwa kubwa, nesi anasema mwanzoni mwa mwezi wa sita. Emmanueli wangu amerudi kazini, anapikia watalii kambini kule juu, anasema wazungu wanakula mayai kama vile wamelipwa. Maharage yamechipua vizuri.

Ningekupigia simu, lakini huko Malambo mpaka upande kilima ndipo mtandao ushike, na ukishapanda unaniambia, "Bibiana, simu ina masikio," halafu unakata. Basi naandika.

Mama, kuna jambo. Wifi yangu Selina, dada yake Emmanueli, unajua alirudi nyumbani mumewe alipofariki, baada ya kufukuzwa na ndugu wa mume. Baba mkwe wangu, Mzee Lazaro, alimpokea vizuri. Alimpa kile kipande cha chini karibu na kijito, akajenga nyumba yake ya vyumba viwili, analima, watoto wanashiba. Sasa Mzee amesema mavuno yakiisha atapima shamba kwa kamba na kuligawa: nusu la Emmanueli, nusu la shemeji Bonifasi. Kipande cha Selina kinaangukia kwa Bonifasi, na Bonifasi tayari ameshaongea na watu wa vitunguu ili wakikodi. Selina na watoto watakwenda wapi, hakuna aliyesema. Selina mwenyewe hasemi. Anapalilia tu, kama mtu anayemfunga mtoto nepi wakati nyumba inaungua.

Nipe ushauri. Nimesema ushauri, Mama, sikusema kukaa. Unakumbuka siku ya posa. Mzee Lazaro alisimama mbele ya watu wote akasema, "Binti tunampenda. Lakini mama yake aliwaketisha wanawake mlangoni kwa mtendaji wakichambua mbaazi na kuimba, mpaka mtendaji akawa anatokea dirishani. Nataka huyu aape kwamba akiwa kwangu hatakwenda kukaa mlangoni kwa mtu." Niliapa. Na wewe ulikohoa kwa nguvu, nilikusikia.

Kiapo changu ni kiapo. Niambie njia nyingine.

Mwanao,
Bibiana


Malambo, 30 Machi 2024

Mwanangu Bibiana,

Nimekuitikia marahaba tangu gari halijasimama. Barua imenuka dawa kweli, Nanyokie amesema niipake kwenye mguu unaoniuma. Nanyokie ndiye mwenyeji wangu hapa, mama wa watoto sita na mdomo mmoja unaotosha kumi. Nakaa bomani kwake. Nakunywa maziwa mpaka nikicheka nasikia yanacheza tumboni. Mwambie Noel bibi yake anamsalimu, na mbuzi apewe pole.

Kazi inakwenda. Tunawafundisha wanawake kusimama na kusema kwenye mkutano wa kijiji, habari ya malisho yao. Mara ya kwanza wanaume waliwaambia wakae nyuma. Mara ya pili wanawake wakawahi alfajiri wakakaa mbele, wanaume wakaja wakakuta nyuma tu ndiko kuna nafasi. Mzee mmoja alizunguka mara tatu akitafuta mbele iko wapi.

Sasa habari ya Selina. Sheria ipo upande wake, mtoto wa kike ana haki kama wa kiume. Lakini ukimsomea Mzee Lazaro sheria, atakuuliza sheria ilizaliwa lini na mila ilizaliwa lini. Mimi namjua yule. Huwezi kumsukuma, unamwekea kitu mbele ajikwae mwenyewe. Chukua wanawake, chukua ungo, nendeni mkakae. Kiapo cha posa hakina muhuri, mwanangu, watu wanaapa vingi siku hiyo kwa sababu ya pilau.

Uzazi ukikaribia nitakuja. Safari hii nakuja kweli.

Kuhusu mkutano wetu mkubwa, tumeuahirisha kidogo. Usiulize.

Mama yako,
Antonia


Endabash, 21 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo tena, na pole na mguu. Noel mzima. Mbuzi naye mzima, ila akimwona Noel anahama upande. Mama mkwe wangu Ritha, sisi tunamwita Mama Ritha, anakusalimu. Unamjua alivyo, anasali, anapika, anaitikia "haya". Tangu niolewe sijamsikia akimaliza sentensi mumewe akiwepo.

Umenichekesha na pilau, lakini usinichekeshe hapo. Nitakuambia kwa nini niliapa.

Watoto wengine walilelewa kwa hadithi za sungura. Sisi Baba Tluway, Mungu amlaze pema, alitupigisha kura kuhusu mboga. Kila jioni, mikono juu, nani anataka mchicha, nani anataka maharage, na bado tulikula maharage kwa sababu wewe ulikuwa na kura ya mwenyekiti. Unakumbuka siku mimi na kaka tulipogoma kuteka maji? Tulikaa mlangoni pa jiko tukaimba wimbo wenu wote wa mtendaji, mpaka ubeti wa matusi. Ulifurahi ukasahau kutuchapa. Ulimwita jirani aje atuone.

Nimelala kwenye mapaja ya wanawake wote wa Endabash hii, Mama. Mpaka leo nikipita sokoni namjua mtu kwa harufu ya kitenge chake. Hiyo sikuichukia. Nilichochukia ni neno moja, semina. Ulipokuwa hupo siku mbili tatu, Baba alisema, "Mama yenu yuko semina." Nikamwambia mwalimu wangu kwa maringo kwamba mama yangu ndiye anayehudhuria semina nyingi kuliko walimu wote. Akanipa biskuti. Pale nikajua semina ni mahabusu. Na siku ya kipaimara changu ulikuwa semina.

Ndiyo maana niliapa. Nilitaka Noel na huyu anayekuja wapate mama wa kuwaosha miguu jioni, basi.

Lakini sikukaa kimya. Nilimfuata Mzee Lazaro akichonga mpini, nikamwuliza kwa upole, "Baba, na Selina?"

"Selina amefanyaje?"

"Atalima wapi, Baba?"

"Atalima. Ardhi haijaisha duniani."

"Ya duniani iko mbali, Baba. Yeye ana watoto."

Akaacha kuchonga. "Wewe mwanangu, hiyo ni sauti yako au ya mama yako?" Nikasema ni yangu. Akasema, "Basi iache ipumzike. Una mimba." Nikageuka niondoke, nikataka kuvuka kamba ya mbuzi, akapiga yowe kama nimekanyaga nyoka. Mjamzito havuki kamba! Akaja mwenyewe akaishika kamba, akanizungushia njia, akanihutubia mila za uzazi kuanzia za babu wa babu yake. Kamba hairukwi. Mzazi, yaani aliyetoka kujifungua, akishawashiwa moto wake, ule moto hauzimwi wala hauhamishwi mpaka atolewe nje. Mlangoni kwa mzazi kamba haipiti wala jembe halisimami, maziwa yatakauka. Mwanamume haingii. Anayefika hapo hapandishi sauti. Alinisimulia mpaka jua likashuka, na mpini ukabaki nusu.

Nilimsikiliza vizuri sana, Mama. Nilisema, "Ndiyo, Baba."

Njoo. Sahau mguu.

Bibiana


Malambo, 28 Mei 2024

Bibiana,

Utaona naandika kwa penseli. Kalamu yangu ilibaki mahali.

Barua yako imenisubiri kwa Nanyokie kwa sababu nilikuwa semina. Ilikuwa fupi. Tulikuwa wanawake wanne tuliokaa uani kwenye ofisi moja, sitaitaja. Chakula kibaya, wenzangu wazuri. Nimerudi na meno yangu yote. Ila nimeambiwa nisitoke tarafa hii mpaka nitakapoitwa, kwa hiyo uzazi wako sitaufikia.

Nimesoma habari ya kipaimara. Nimeisoma, nimeikunja, nimeikunjua.

Kuhusu Selina, sahau nilichokuambia. Usikae. Zaa salama. Sitaki wajukuu zangu wajifunze lile neno. Nimechoka kidogo, mwanangu, ni mguu tu.

Mama


Endabash, 19 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na kaa mkao wa kusikia. Umepata mjukuu wa kike. Amezaliwa zahanati tarehe nne mwezi huu, salama, ana sauti ya kufukuza ndege shambani. Nimempa jina Dorkasi. Nilitaka kumpa lako, nikaona kijiji hakitalala.

Mguu wako nauombea. Sijasema zaidi, na wewe hukusema zaidi.

Habari nyingine ni ndogo tu. Nilipotoka zahanati nilimwambia bodaboda asinipeleke nyumba kubwa. Nyumba kubwa ina moshi mwingi, mtoto angekohoa. Nilimwambia anishushe kwa Selina, kipande cha chini, pana hewa safi ya kijito. Selina alinitandikia. Nikaomba moto. Selina akaniangalia, mimi nikamwangalia, akawasha. Basi. Ukishawashwa, umewashwa. Si mimi niliyeitunga mila hiyo.

Mama Ritha ndiye anayepaswa kumwangalia mzazi, kwa hiyo naye kahamia hapa na mto wake. Nyumba kubwa amebaki Mzee peke yake.

Wanawake wanakuja kuniona na uji, unajua ilivyo. Wanakuja asubuhi, hawawezi kuondoka upesi, itaonekana hawampendi mtoto. Uani hawaenei. Wengine wamekuja na mbaazi zao wachambue wakingoja uji upoe. Nyimbo ni za kubembeleza mtoto tu, ila Dorkasi analala vizuri zaidi kwa ule wa mtendaji, sijui kwa nini.

Wiki iliyopita Mzee Lazaro alikuja na Bonifasi kupima. Nilisikia kupitia ukuta. Mzee akasimama mbali akakohoa, kama mila inavyotaka.

"Mzazi hajambo?"

"Hajambo," akajibu Mama Ritha.

"Tunataka kupitisha kamba hapa kidogo."

Vikombe vikagongana. Uji ukinywewa. Halafu Mama Ritha akasema, "Mlangoni kwa mzazi?"

Nikasikia Bonifasi akisema, "Baba, hii si kamba. Ni tepu. Imetoka Karatu mjini, ya chuma kabisa."

Mama, kukawa na mjadala. Mzee aliishika ile tepu, akaivuta, ikamrudia puu na kumbana kidole. Akaitazama. Akauliza, "Inajikunja?" Bonifasi akasema inajikunja. "Inafunga mzigo?" Bonifasi akasema labda ukilazimisha. "Basi ni kamba," akasema Mzee, "kamba tajiri." Na wakaondoka, Mzee mbele akinyonya kidole.

Sijaenda kukaa mlangoni kwa mtu, Mama. Nimelala kitandani kwa wifi yangu, nimezaa.

Hewa ya hapa nzuri mno.

Bibiana


Malambo, 10 Julai 2024

Bibiana, mtoto wa Tluway,

Eti nyumba kubwa ina moshi! Nimeisoma barua yako kwa sauti bomani, Nanyokie akitafsiri, na tulipofika kwenye tepu tukasimama kwanza, maana mama mmoja mzee alicheka akapaliwa na maziwa. Wanakusalimu wote. Karibu Dorkasi duniani. Siku ya kuzaliwa kwake nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikikata kucha, na sikujua. Hilo nalisema mara moja tu.

Lakini sasa nisikilize, acha mzaha. Mzazi hutolewa nje. Siku ile ukitoka, moto unazimwa, wanawake wanachukua nyungo zao wanarudi makwao, na tepu inarudi. Wanakungoja tu. Nimeona hivyo mara nyingi, watu wanakaa vizuri sana halafu hawajui namna ya kuinuka. Na mume wako je? Amesikia? Yule ni mtoto mpole, lakini alikuwepo siku ya kiapo. Usipoteze nyumba yako kwa ajili ya nyumba ya Selina, huko nimepita, kuna upepo.

Mama Ritha anasemaje? Hujaniandikia anachosema. Mwangalie huyo.

Wameniita tena wakanihoji, wakaniachia. Mwezi ujao naruhusiwa kusafiri. Hiyo ni habari njema, ichukue hivyo hivyo.

Mama yako


Endabash, 18 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Dorkasi anacheka sasa, anacheka hata na ukuta. Noel amemkubali, hajamng'ata. Nakuandikia nikiwa nyumba kubwa, nje ya uzazi, kwa hiyo ulisema kweli, mzazi hutolewa.

Emmanueli alikuja kabla ya siku hiyo. Alisimama nje ya dirisha la Selina na begi lake, hajanawa hata vumbi la safari.

"Bibiana."

"Bee, mume wangu."

"Kambini wapishi wote wanaongea kwamba mke wangu amemzibia baba njia na mtoto mchanga."

"Mtoto hajambo, asante kuuliza."

Akacheka kwa pua, unamjua. Halafu hakucheka. "Uliapa mbele ya baba yangu."

"Na niko ndani ya mila ya baba yako mpaka shingoni. Ningekaa mlangoni kwake ungekuwa na haki ya kunirudisha kwetu. Emmanueli, hili shamba nusu ni lako. Kipande hiki ungepewa wewe, Selina ungemwambia nini?"

Akalishusha begi chini. Kisha akasema, "Nitamwambia Baba sehemu yangu ipunguzwe."

Nikamwambia si yako inayopaswa kupungua peke yake. Akasema, "Wewe ni mtoto wa mama yako." Nikasema nimeambiwa. Lakini akaingiza mkono dirishani akamgusa mtoto unyayo, na hakuniambia nirudi kwetu. Nilikuwa nimeogopa, Mama. Nakuambia wewe tu. Usiku wote kabla yake sikulala.

Na Mzee hakukubali. Alimwambia Emmanueli, "Huruma yako ni nzuri, ipeleke kambini." Siku ya kunitoa ikafika. Nilinyolewa, nikaogeshwa, nikavishwa kitenge kipya. Wanawake wakashangilia, moto ukazimwa, wakaanza kukusanya nyungo zao. Kama ulivyosema. Pale nje ya ua wa minyaa alisimama Bonifasi, tepu mkononi, na Mzee akiwa amevaa koti la kanisani. Nikambeba mtoto nikatoka polepole, maana nilijua nikiuvuka uwanja ule nimemwacha Selina na hakuna kilichobaki. Kiapo changu kilinishika mkono kuniongoza nyumbani.

Mzee akasema, "Haya, Ritha, twende. Mzazi ametoka."

Mama Ritha alikuwa bado ameketi pale mlangoni pa Selina kwenye kigoda. Hakuinuka. Akavuta ungo uliobaki, akaanza kuchambua mbaazi.

"Ritha."

"Nakusikia."

"Nimesema twende."

"Nenda," akasema. "Mimi bado nipo."

Mama, wanawake wakaweka nyungo chini. Mzee akasogea, akashusha sauti. "Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Umekaa kwa sababu gani?"

"Mimi nilizaa watoto watatu katika shamba hili, Lazaro. Nimekuwa nikikusikiliza ukihesabu wawili." Alimaliza sentensi yote, Mama, na mumewe yupo. "Moto wangu uliwashwa mara tatu. Au ule wa Selina ulikuwa moshi?"

Mzee akanitazama mimi. Nikasema, "Baba, mimi natoka. Niliapa."

"Na yeye?" akaniuliza, kama mimi ndiye karani.

"Yeye hakuapishwa, Baba."

Mama Ritha alikaa siku hiyo, akakaa na nyingine. Wanawake waliokuwa wanaondoka walirudi, na safari hii sijui walikuja kumwona nani. Mzee alijaribu kupika, maana mimi nilikuwa bado sijaruhusiwa kushika mwiko. Tuliona moshi, halafu tukaona jirani akikimbia na ndoo. Bonifasi alijaribu kumkataza mama yake, akaambiwa aje achambue upande ule, na akachambua, mtu mzima na ndevu zake. Katikati ya ungo akaanza kusema wale watu wa vitunguu wanaweza kukodi kwingine.

Jana asubuhi Mzee Lazaro akaja na panga na mzigo wa vipande vya minyaa begani, ile miti ya kupanda mpakani. Tepu hakuja nayo. Alimpita kila mtu, akasimama mbele ya Selina, akasema, "Onyesha unapolima mwisho." Selina akalia, akanyoosha kidole. Mzee akachimba, akapanda mnyaa wa kwanza kwa mkono wake, mashahidi tele, na akamwambia mtendaji aliyekuja kutazama aandike jina la Selina kama anavyoandika la mwanamume. Alipanda mstari wote wa juu, jasho linamtoka. Mama Ritha alikuwa kwenye kigoda anamwambia, "Huo umepinda, Baba Selina," na yeye anaunyoosha. Hajawahi kuitwa hivyo, siku zote ni Baba Bonifasi. Hakubisha.

Alipofika kona akapangusa mikono, akamtazama mkewe kwa unyenyekevu mkubwa, akauliza kama sasa anaweza kupata ugali.

Mama Ritha akaufuata kwa macho ule mstari wa minyaa mpaka mwisho, bila haraka.

"Bado upande wa kijitoni," akasema.

Bibiana wako